Chumvi Iliyopikwa ni Chumvi Ileile

"Daktari, chumvi mbichi nimeacha kabisa. Natumia iliyopikwa tu." Wagonjwa wengi wa presha ninaowaona hapa Dodoma huniambia hivyo kwa kujiamini, kumbe kipimo kinasoma 170 kwa 100. Kauli hii inaniudhi kwa sababu inawaponza watu wanaojitahidi kwa dhati.

Moto wa jikoni hauipunguzii chumvi kitu. Inahitaji nyuzi joto 801 ndipo iyeyuke, na hata hapo inabaki chumvi. Maji ya mboga huchemka kwenye 100 hivi. Sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, uliyoitia sufuriani ndiyo utakayoila, na magadi ya kwenye mlenda yanaiongeza, maana nayo yana sodiamu.

Sodiamu ikizidi mwilini, huvuta maji na ujazo wa damu hupanda. Kisha kuna mishipa yenyewe. Msuli laini wa kuta zake hukaza kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli. Pampu ya seli hutoa ioni (chembe zenye chaji) tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, na kalsiamu nayo hutolewa, kwa sehemu, kwa kubadilishana na sodiamu inayoingia. Sodiamu ikirundikana ndani, ubadilishanaji huo huzorota, kalsiamu hubaki na mshipa hukaza. Presha ikidumu miaka, ukuta hunenepa na njia ya damu huwa nyembamba hata ukiwa umelala.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba mnaopika, pimeni chumvi ya nyumba nzima asubuhi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo hesabuni magadi, supu, viungo vya vipande na nyama choma ya mnadani. Ikiisha, imeisha. Ndimu, kitunguu na karanga za kusaga zisizo na chumvi zitaupa mlenda ladha.

"Siumwi kichwa, sina presha." Wengi hawasikii chochote mpaka kiharusi kiwakute. Pima.

"Presha ni ya wanene." Wembamba nao nawatibu.

"Imeshuka, nimepumzika dawa." Mama yangu, dawa ndiyo iliyoishusha! Amlodipini, dawa mojawapo ya presha, huziba njia za kalsiamu kuingia kwenye msuli wa mshipa. Ukiiacha, siku chache tu njia zinafunguka na mshipa unakaza tena. Miguu ikivimba, usiitupe dawa. Njoo nayo kliniki tubadilishe kipimo au dawa.