Mawe ya Mwanza hayaoti

Ukikaa Mwanza utasikia watu wazima wakisema mawe hukua. "Hili utotoni lilikuwa limechungulia tu hapa uani, sasa linanifika gotini." Msemaji hadanganyi, aliona alichoona. Ila kilichosogea ni udongo.

Mawe yale ni itale, au graniti. Yalianza kama uji wa moto uliopoa taratibu chini sana ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ndiyo maana chembe zake zinaonekana kwa macho: zilipata muda wa kukua. (Kukua huko nakukubali.) Miamba iliyolifunika itale ikamomonyoka, lenyewe likapasuka kwa nyufa zinazokatana, maji yakapenya. Pembe huliwa kutoka pande nyingi kwa pamoja, hivyo huisha kwanza, na jiwe hubaki la mviringo. Hata lile maarufu la Bismarck, lililosimama ziwani kama limepangwa kwa mkono, halikupandishwa na mtu.

Kila masika mvua huondoka na udongo wa pembeni, jiwe likabaki wazi zaidi. Lenyewe linapungua. Sugua jiwe kuukuu kwa kidole, punje zitadondoka: zinazong'aa kama kioo ni kwatsi, zitabaki mchanga, za pinki au nyeupe ni feldispa, ambayo polepole hugeuka mfinyanzi. Mchanga huo ukifukiwa ziwani na kugandamizwa, huweza kuwa mwamba tabaka. Ukizama zaidi ukapikwa bila kuyeyuka, huwa mwamba geu. Lakini hilo si la kusubiri uani.