ICF ni nini, na inamsaidiaje mtaalamu wa fiziotherapia?

Wagonjwa wawili wamepata kiharusi, na kila mmoja mguu wake wa kulia umedhoofika kwa kiasi kilekile. Mmoja amerudi kazini. Mwenzake hatoki nyumbani. Cheti cha daktari kimeandika ugonjwa uleule kwa wote wawili, kwa hiyo hakiwezi kueleza tofauti hiyo. Kinachoweza ni Uainishaji wa Kimataifa wa Utendaji, Ulemavu na Afya, kwa kifupi ICF, uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2001.

Mfumo uliotangulia, wa mwaka 1980, ulisomeka kama njia ya kwenda tu: ugonjwa huleta hitilafu, hitilafu hupunguza uwezo, na uwezo ukipungua mtu huachwa nyuma. ICF inauona ulemavu kuwa zao la mwili, shughuli za mtu, ushiriki wake na mazingira yake, kila kimoja kikikigusa kingine. Umri, mazoea na sifa nyingine binafsi huzingatiwa pia, ila hazina msimbo, yaani herufi na namba ya kuziandikia.

Misimbo yenyewe si migumu. Herufi b ni kazi za mwili, s ni maumbile yake, d ni shughuli na ushiriki, e ni mazingira. Nguvu za misuli ni b730, kutembea ni d450. Baada ya nukta huja kiwango cha tatizo, kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 4, yaani tatizo kamili.

Mimi naona hazina kubwa iko kwenye d, kwa sababu hapo huandikwa tarakimu mbili: ya kwanza ni anachofanya mtu katika maisha yake halisi, ya pili ni anachoweza kufanya bila msaada akipimwa katika mazingira sanifu ya upimaji. Tuseme yule asiyetoka ameandikiwa d450.31. Akipimwa, shida yake ya kutembea ni ndogo. Nyumbani kwake ni kubwa. Kumwongezea mazoezi ya nguvu peke yake ni kumchosha bure. Nenda ukatazame ngazi, sakafu inayoteleza, au jamaa wanaomkataza kuinuka wakihofia ataanguka.

Yule aliyerudi kazini anaweza kuwa na d450.13. Bila msaada anahangaika sana, lakini siku zake zinakwenda vizuri kwa sababu ana fimbo inayomfaa, nayo huandikwa e120 pamoja na alama ya kujumlisha, kuonyesha kuwa inamsaidia. Anayemhimiza aiache fimbo hiyo ili aonekane amepona anamrudisha nyumbani.