Ubao wa siku bila ajali na daftari la nusura

Saiti yangu ya kwanza kama afisa usalama ilikuwa jengo la ghorofa nane hapa Dar es Salaam. Getini palikuwa na ubao mkubwa: SIKU BILA AJALI, na chini yake namba iliyobadilishwa kwa chaki kila asubuhi. Zikitimia siku 100, kila mfanyakazi angepewa kilo tano za mchele. Ilipofika 87 nilikuwa natembea kifua mbele.

Siku hiyohiyo mama ntilie wetu, ambaye humwita kila mvaa kofia ngumu "injinia", akaniuliza huku akinimiminia chai: "Injinia, yule kijana wa nondo mguu umeshapona?"

Kijana gani?

Kumbe wiki mbili nyuma deiwaka mmoja, kibarua wa kutwa asiye na mkataba, alikanyaga msumari kwenye ubao uliobanduliwa kwenye zege. Msumari ukapenya kandambili na nyayo. Wenzake wakamfunga kitambaa, wakachanga nauli, wakampeleka duka la dawa, wakakubaliana kunyamaza. Nisingewalaumu. Nani anataka kuwa yule aliyewanyima watu 60 mchele wao?

Tangu hapo siuamini ubao wa namna ile, na siamini mpango wowote wa usalama unaompa mtu sababu ya kuficha kidonda. Ule msumari ulikuwa na mengi ya kutuambia. Mbao zilikuwa zinabanduliwa na kutupwa bila kung'olewa misumari. Mabuti yalikuwa stoo, lakini yanatolewa kwa wenye mikataba tu, deiwaka anakuja na anachokivaa nyumbani, ilhali vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Yote hayo yalikuwepo kila siku, na ubao ukaendelea kusoma 88, 89, 90.

Siku hizi ninaanza na daftari. Ni la kawaida, la kaunta, limefungwa kwa kamba mlangoni mwa stoo, na tunaliita daftari la nusura. Nusura ni lile tukio ambalo mtu anatoka akisema "leo nusura nife", kisha anacheka na kuendelea na kazi. Anaandika kilichotokea na mahali. Jina lake si lazima. Asiyejua kuandika anamwambia mwakilishi wa usalama, naye anaandika. (Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne awe na wawakilishi hao. Wengi humteua karani wa ofisini kwa sababu ana nafasi. Mimi namtaka saidia fundi, anayepanda na kushuka ngazi kutwa.)

Wiki ya kwanza daftari lilikuwa na mistari miwili, yote mwandiko wangu. Wiki ya pili fundi mmoja akaandika: "Ndoo ya zege imechomoka kwenye kulabu floo ya 5. Imeanguka pale toroli hukaa. Toroli ilikuwa imeondoka sasa hivi."

Tukaenda kuitazama kulabu. Kizuizi chake kilikuwa kimevunjika zamani, mtu akakifunga kwa waya wa kufungia nondo. Meneja akasema mara moja: "Watu wavae kofia." Nikamwomba tupige hesabu. Zege la kawaida lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 48. Kutoka ghorofa ya tano! Kofia ngumu ni ya kujikinga na kipande cha tofali au nati iliyoponyoka. Kwa ndoo ile dawa ilikuwa kubadilisha kulabu na kuzungushia uzio eneo la chini ili asipite mtu. Kofia inakuja mwisho, baada ya kushindwa kuiondoa hatari yenyewe, lakini maofisini ndiyo huja kwanza kwa sababu ni rahisi kununua na inapendeza kwenye picha.

Kulabu mpya ilifungwa jioni ileile, watu wakiwa wanatazama. Hapo ndipo daftari lilipoanza kujaa. Nimewahi kutoa semina za saa tatu zenye soda na biskuti, hakuna iliyofanya kazi kama kulabu ile.

Meneja hakufurahi. Mteja akiona nusura nyingi, alisema, atadhani saiti ni mbovu. Mimi inayonitisha ni saiti inayomaliza mwezi mzima bila nusura hata moja.

Kigumu kilichobaki ni deiwaka. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya maana, asiadhibiwe. Vizuri. Lakini anayekataa kuingia kwenye mtaro leo, kesho getini hachaguliwi, wala hakuna atakayeiita adhabu. Na mtaro si mchezo: mita moja ya ujazo wa udongo ina tani moja na nusu hivi, ukimfunika mtu kifuani hapumui hata kama kichwa kiko nje. Kwa hiyo nilidai jambo moja kwa maandishi: anayesimamisha kazi kwa hofu ya hatari analipwa siku yake yote, hata ikionekana baadaye alikosea. Katika miezi saba tumelipa hivyo mara nne. Mara moja alikosea.

Saiti niliyopo sasa pia ina ubao getini. Leo asubuhi uliandikwa: NUSURA WIKI HII 11, ZILIZOREKEBISHWA 9. Moja ya zile mbili ni ngazi ya ghorofa ya tatu, inayosubiri fundi wa kuchomelea. Nyingine ni taa ya njia ya chooni, na hiyo niliahidi mimi tangu Jumatatu.