Wastoiko hawakukuambia ukae kitako

Wiki hii tena. Kijana kapitwa na tarehe ya kuomba mkopo wa chuo. Namuuliza ilikuwaje, ananijibu kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, siku hizi mimi ni Mstoiko. Ingekuwa imepangwa nipate, ningepata tu." Na si yeye peke yake. Maneno hayo hayo nimeyasikia kwa mwenye sukari asiyetaka kwenda kliniki, na kwa mwenye duka asiyejua ana mali ya kiasi gani rafuni. Liandikwalo ndilo liwalo ni methali yetu, anayetaka kuishi nayo na aishi. Ninachoomba ni kimoja: wasisingiziwe Wastoiko, wale wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale.

Maana hoja hiyo Wastoiko hawakuitunga. Walitupiwa na wapinzani wao ili waonekane wajinga! Wagiriki waliiita hoja ya uvivu, na Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Kirumi, aliiandika katika kitabu chake cha majaaliwa mwaka 44 KK. Inakwenda hivi: kama umejaaliwa kupona, utapona, uite tabibu usiite, kama hukujaaliwa, hutapona, uite usiite, basi tabibu wa nini? Yaani watu wamechukua jiwe alilorushiwa Mstoiko Chrysippus wakaliweka kifuani kama nishani yake.

Chrysippus alikuwa mkuu wa tatu wa shule ya Wastoiko kule Athens, baada ya Zeno aliyeianzisha, na Cleanthes. Inasemwa aliandika vitabu zaidi ya 700, na hakuna hata kimoja kilichotufikia kizima. Tunamwokoteza vipande kwa waliomnukuu, wengine wakiwa na nia ya kumbomoa. Hata hivyo jibu lake hapa liko wazi. Majaaliwa kwa Wastoiko ni mfuatano wa sababu: kila tukio lina lililolizaa, na hakuna linalozuka hewani. Sasa tabibu yuko wapi katika mfuatano huo? Yumo ndani! Kama umejaaliwa kupona kwa kutibiwa, basi kumwita tabibu nako kumejaaliwa, vimefungwa pamoja. Huwezi kusema Milo, mwanamieleka wa kale, atapigana mieleka Olympia "awe na mpinzani asiwe naye". Huwezi kusema Laius, mfalme wa hadithi za Kigiriki, atamzaa mwanawe Oedipus "alale na mwanamke asilale naye". Mkopo bila fomu ni mieleka ya mtu mmoja.

Zeno mwenyewe hakuwa na subira hata ya maelezo hayo. Inasimuliwa alikuwa akimchapa mtumwa aliyeiba, mtumwa akajitetea: nilijaaliwa kuiba. Zeno akamjibu: na kuchapwa pia. Kisa kikatili, na sikifurahii kama wanavyokifurahia wanafunzi wangu, lakini hoja imefika.

Watu hunitolea kauli ya Kilatini ya kuipenda kudra yako, wanayojichora hadi mikononi. Kauli hiyo si ya Wastoiko, ni ya Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 19. Tuendelee.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Chrysippus alikwenda mbele ya hapo, na huko hawafiki. Epictetus, Mstoiko wa baadaye aliyezaliwa mtumwa kisha akafundisha katika mji wa Nicopolis, anamnukuu akisema kwamba maadamu hajui yatakayofuata, atashikilia yale yanayoafikiana zaidi na maumbile. Lakini angejua kwamba sasa amejaaliwa kuugua, angeuelekea hata huo ugonjwa. Soma tena nusu ya kwanza. Hajui! Na kwa kuwa hajui, anachagua afya, anakula vizuri, anatafuta riziki. Utulivu unakuja tukio likishatimia, au likiwa hakika. Anayetulia kabla ya kujaribu anajifanya ameshauona mwisho, na hapo amejipa cheo cha nabii. Epictetus huyo huyo alimcheka mtu anayelalamika kwamba kamasi zinamtiririka: mikono umepewa ya nini, kama si ya kupengea?

Mali nayo iko hapo hapo. Kwa Wastoiko wema peke yake ndio kheri. Pesa na afya si kheri wala si shari, ila ni vitu vinavyopendelewa, unavichukua vikija kwa njia ya haki. Seneca, Mstoiko wa Roma, alilitetea hilo akiwa tajiri wa kutisha. Mwaka 58 BK Mrumi mwenzake Suillius alimtuhumu hadharani kwamba amekusanya sesterce milioni 300, sarafu za Kirumi, kwa miaka minne ya urafiki na mfalme Nero. Utetezi wake kwamba mwenye hekima huwa na mali bila mali kuwa naye ni mzuri kuusoma. Kuuamini wote ni jambo jingine.

Sasa niseme panaponikwamisha mimi. Chrysippus alitaka majaaliwa yabaki na lawama nayo ibaki, akatumia mfano wa vitu viwili: mcheduara, wenye umbo la gogo, na pia ile ya kuchezea watoto. Ukivisukuma vyote viwili, kimoja kitabiringika na kingine kitazunguka. Msukumo umetoka nje, lakini mwendo umetokana na umbo la kila kimoja. Vivyo hivyo tukio linakusukuma, ila kukubali au kukataa kunatoka katika tabia yako. Basi tendo ni lako.

Sawa, lakini umbo nililipata wapi? Kama tabia yangu nayo ni tunda la mfuatano ule ule, malezi, damu, mji niliozaliwa, basi Chrysippus amenionyesha kwamba kosa limepitia kwangu. Hajanionyesha kwamba ningeweza kutolitenda. Alexander wa Aphrodisias, mwanafalsafa wa upande wa Aristotle, aliwakaba Wastoiko mahali hapo hapo karibu na mwaka 200 BK, na kila nikifundisha somo hili najikuta niko upande wake kuliko ninavyopenda. Watetezi wa Chrysippus wa siku hizi wananiambia kwamba swali langu lenyewe limekaa vibaya, kwamba lawama haihitaji njia ya pili iliyokuwa wazi, inahitaji tu tendo litoke kwangu. Huenda. Bado sijaridhika.