Dakika tano na maiki mkononi

Ukipewa dakika tano kwenye harambee ya shule kule Nyando au mazishini Siaya, una maneno 500 hivi. Kiswahili kina maneno marefu: “hawatatusaidia” ni neno moja, silabi nane. Kwa mwendo ambao mzee aliyekaa nyuma ya hema anaweza kuufuata, mimi huwapangia wanafunzi wangu maneno 100 kwa dakika. Ondoa dakika moja ya salamu na makofi, yanabaki 400, na maneno 400 hubeba jambo moja tu. Ukibeba matatu, watu watarudi nyumbani bila hata moja.

Dakika hiyo ya kwanza ndiyo huliwa na itifaki. Kila jina pamoja na cheo chake huchukua takriban sekunde nne, kwa hiyo waheshimiwa 15 wamekwisha kukumalizia dakika nzima. Tena orodha ndefu ina mtego: ukitaja diwani mmoja ukamsahau mwenzake, umemkosea kuliko ungewaacha wote. Nashauri utaje watatu. Mazishini, anza na familia, kisha kiongozi wa dini, kisha mgeni mkuu, halafu useme “itifaki ikiwa imezingatiwa”. “Hamjambo” moja inatosha. Kuirudia mara tatu eti hujasikia jibu ni kuwachosha watu kabla hujawapa chochote.

Baada ya hapo ingia moja kwa moja. “Nimesimama hapa kuzungumzia suala la uhaba wa madawati” ni sentensi ambayo haimwonyeshi msikilizaji kitu. Jaribu hivi: “Gredi ya nne, watoto watatu wanabanana kwenye dawati moja, na wa nne amekaa sakafuni.” Mzazi amekwisha kumwona mtoto huyo, na pengine ni wake.

Hapa ndipo hotuba nyingi zilizoandikwa vizuri huanguka, kwa sababu msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Chukua sentensi hii: “Kamati ambayo iliundwa mwaka jana ili kusimamia pesa ambazo wazazi walichanga imeamua kujenga.” Kwenye karatasi haina kosa. Sikioni, “imeamua” inapofika, “kamati” imeshapotea. Ivunje: “Wazazi walichanga pesa. Mwaka jana tukaunda kamati ya kuzisimamia. Sasa kamati imeamua: tunajenga.” Chunga pia ngeli. Ukisema “Pesa zilinunua mbao, lakini zimeisha,” ni nini kimeisha? Pesa na mbao zote huchukua “zi”. Msomaji atasimama akafikiri, ila anayesikiliza ameachwa njiani. Rudia nomino yenyewe: “pesa zimeisha”.

Ikiwa kuna mkalimani wa Kidholuo au Kibukusu, dakika tano zako zimekuwa mbili na nusu. Kutana naye kabla, umpe tarakimu na majina kwenye karatasi. Kama una methali, mwambie mapema atafute ya kwao inayolingana nayo, kwa maana methali iliyofasiriwa neno kwa neno hufia pale pale. Ukishapanda, sema wazo kamili la maneno kumi hivi, unyamaze, uendelee kuwatazama watu. Ukikatia katikati ya sentensi, mkalimani hulazimika kubahatisha kitenzi.

Sasa maiki. Usiipulize wala kuigonga. Ijaribu kwa kusema. Iweke umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, imeinama kidogo chini ya kidevu, ili pumzi ya “p” na “b” ipite juu yake. Ukigeuza kichwa, igeuke nawe. Usishike kichwa chake kwa kiganja, wala usitembee mbele ya spika, kwa sababu maiki itasikia sauti ya spika na kuirudisha tena na tena hadi ilie kama firimbi. Fundi akiongeza sauti wakati huo, mlio huzidi. Dawa ni wewe kurudi nyuma ya spika. Mjini Kisumu mchana upepo huvuma kutoka ziwani, basi kama uko karibu na ufuo, upe mgongo.

Kuna tatizo la uwanjani ambalo wengi hudhani ni woga. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 35 mbele yako hukurudishia neno lako baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde, na ucheleweshaji wa kiasi hicho ndio hasa huufanya ulimi ukwame na silabi zivutike. Usingoje mwangwi uishe ndipo useme silabi inayofuata. Sema kikundi cha maneno manne au matano kwa kasi yako, kisha pumua mwangwi ukipita. Ikiwezekana, mwombe fundi azigeuze spika zisiuelekee ukuta.

Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, hakuna koo litakaloishinda. Nyamaza ingoje, au ruka hadi mwisho.

Andika vidokezo kwenye kadi ngumu tatu zenye namba, herufi kubwa, upande mmoja tu. Karatasi nyepesi hutangaza mtetemo wa mikono yako na kupeperuka. Skrini ya simu huzimika, na juani haisomeki. Fanya mazoezi matatu umesimama, kwa sauti, saa ikihesabu. Kama nyumbani unatumia dakika nne, uwanjani zitafika tano.

Kadi ya tatu ibebe sentensi ya mwisho peke yake, nawe uwe umeihifadhi. Iwe ombi linalotendeka leo: kiasi gani, kwa nani, wapi. Ukishatamka “kwa hayo machache”, watu wameanza kutafuta viatu na watoto wao, kwa hiyo usiiseme kama bado una neno. Na msimamizi akikuonyesha saa ukiwa kadi ya kwanza, iache ya pili yote, usome ya tatu, umrudishie maiki.