Wa 12 kutoka mbele, wa 15 kutoka nyuma: je, foleni ina watu wangapi?

Mtu amesimama kwenye foleni. Ukianzia mbele ni wa 12, ukianzia nyuma ni wa 15. Wote ni wangapi? Nilipokutana na swali hili mara ya kwanza katika jaribio la mantiki nilijibu 27 na kufungua ukurasa unaofuata. Jibu ni 26. Nikaambiwa nikariri: "jumlisha, toa moja." Nikakariri, na hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu nilianza kutoa moja kila mahali, hata pasipostahili.

Maswali ya nafasi na mpangilio hayakosekani kwenye majaribio ya mantiki, iwe ya usaili wa kazi au ya kujiunga na masomo. Hesabu yake ni ya darasa la pili. Kinachotuangusha ni kuchanganya nafasi na idadi. "Watu 12" ni idadi, lakini "wa 12" ni jina la mahali. Jina hilo limebeba watu 11 walio mbele yake pamoja na yeye mwenyewe. "Wa 15" nalo limebeba 14 walio nyuma yake, pamoja na yeye tena. Kwa hiyo unapojumlisha 12 na 15, mtu huyohuyo amehesabiwa mara mbili. Mweke kando kwanza: 11 mbele, 14 nyuma, halafu mrudishe yeye. 26.

Chukua nyuzi mbili za shanga, mmoja una shanga 12 na mwingine 15. Ukizifunga ncha kwa ncha utapata shanga 27. Lakini foleni yetu haikufungwa hivyo. Hapa shanga ya mwisho ya uzi wa kwanza ndiyo shanga ya kwanza ya uzi wa pili, ni moja tu, imepitiwa na nyuzi zote mbili. Au tazama kiganja chako: vidole vitano, mianya minne kati yake. Majina ya siku yanasema jambo hilohilo. Jumamosi ni ya mosi na Jumatano ni ya tano, ila kutoka Jumamosi kufika Jumatano unalala usiku nne.

Sasa kosa langu la pili, ambalo nililitetea kwa muda mrefu kuliko la kwanza. Foleni ina watu 26, na mtu ni wa 12 kutoka mbele. Ni wa ngapi kutoka nyuma? Mimi: 26 toa 12 ni 14, toa moja kama nilivyofundishwa, 13. Kumbe 14 ni watu walio nyuma yake, na anayeanza kuhesabu kutoka nyuma atawamaliza hao wote ndipo amfikie yeye. Ni wa 15. Kanuni ileile iliyotoa moja, ukiigeuza, inaongeza moja. Ndiyo maana sikuhizi sikariri kitu. Najiuliza tu: huyu mtu mwenyewe nimeshamhesabu, na ni mara ngapi?

Tukiteleza hapa tuna wenzetu wa zamani. Julius Caesar, mtawala wa Roma, alianzisha kalenda yake mwaka 45 KK, na siku moja ilitakiwa kuongezwa kila mwaka wa nne. Aliuawa mwaka uliofuata. Makuhani walioachiwa kalenda wakahesabu kwa desturi ya Kirumi, mwaka wa kuanzia ukiwa ndani ya hesabu: mrefu (wenye siku ya nyongeza), mfupi, mfupi, mrefu. Wa nne huo! Siku ikawa inaongezwa kila baada ya miaka mitatu. Mwandishi wa Kirumi Macrobius anasimulia kwamba katika miaka 36 ziliongezwa siku 12 badala ya 9, hadi mtawala Augustus akasimamisha nyongeza ili kalenda irudi mahali pake. Macrobius aliandika zaidi ya karne nne baadaye, na wanahistoria bado wanabishana kuhusu miaka yenyewe, lakini aina ya kosa haina ubishi. Wanamuziki nao wanaishi nalo bila kulalamika: umbali wa do hadi mi huitwa ya tatu, mi hadi so ni ya tatu nyingine, na do hadi so ni ya tano, si ya sita, kwa sababu mi imehesabiwa mara mbili.

Kuna mtego mmoja ambao hata kanuni sahihi haiuoni. Juma ni wa 14 kutoka mbele, Asha ni wa 11 kutoka nyuma, kati yao wamesimama watu 3. Wengi huandika 14 + 3 + 11, yaani 28. Hiyo ni sawa kama Juma yuko mbele ya Asha. Lakini nani kasema? Asha anaweza kuwa mbele ya Juma, na hapo yeye ni wa 10 kutoka mbele. Wa 10 kutoka mbele, wa 11 kutoka nyuma: foleni ina watu 20. Swali likiuliza idadi ndogo kabisa, linataka 20. Likinyamaza, jibu lake ni "haiwezi kubainishwa". Lakini majibu mawili hayapatikani kila mara. Juma angekuwa wa 4, Asha angelazimika kusimama nafasi ya 0, na foleni haina nafasi hiyo.

Na kanuni nzima inadhani hakuna waliolingana. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Mutaz Barshim na Gianmarco Tamberi waligawana dhahabu ya kuruka juu. Fedha haikutolewa, na Maksim Nedasekau akawa wa tatu. Wachukue hao watatu peke yao. Barshim ni wa 1 kutoka juu na wa 2 kutoka chini. Jumlisha: 3, bila kutoa chochote. Ukitoa moja kwa mazoea utabaki na watu wawili, na mmoja wa wenye medali itabidi aelezwe kwamba hakuwepo.