Ukarabati wa ndege za kivita za kale: maana yake, na nani anaamua rangi

Ndege ya kivita ikistaafu, mara nyingi mwisho wake ni mzani wa skrepa. Kwa mtu wa Gerezani, mtaa wa mafundi wa vyuma jijini Dar es Salaam, hili halihitaji maelezo. Alumini ni alumini, iwe imetoka kwenye fremu ya dirisha au kwenye bawa: inapimwa kwa kilo, inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu, inatoka sufuria. Ndiyo maana ndege zilizoundwa kwa maelfu wakati wa vita leo zimebaki chache, na hizo chache ndizo zinazopigiwa kelele.

Kuikarabati ndege ya kihistoria ni kuirudisha kwenye hali iliyokuwa nayo katika kipindi fulani cha maisha yake, ili watu waione na waelewe ilifanya nini. Ugomvi wote umejificha kwenye hayo maneno "kipindi fulani". Ndege haina sura moja. Ilitoka kiwandani na rangi hii, ikapelekwa vitani ikapakwa nyingine, ikabadilishwa injini, ikatobolewa na risasi, ikazibwa viraka, ikauzwa, pengine ikatekwa. Anayekarabati lazima achague kipindi kimoja, na akishachagua hicho, vingine anavifuta.

Chukua mfano wa nyumbani. Majeshi yetu ya Tanzania yalipoingia Entebbe Aprili 1979, katika Vita vya Kagera, yaliteka ndege za kivita aina ya MiG za jeshi la Idi Amin. Tuseme moja ya hizo inaandaliwa kwa maonyesho. Ibaki na alama za Uganda, kama ilivyokutwa uwanjani, au ipakwe alama za JWTZ, jeshi letu, lililoichukua? Askari mstaafu atakupa jibu lake, mtu wa makumbusho atakupa jingine, na kila mmoja ana hoja. Mimi ningeiacha na alama za Uganda. Bila hizo, mwanafunzi anayepita mbele yake hana namna ya kujua kwamba ilitekwa.

Wapo wanaoamua kutochagua kabisa. Huo ni uhifadhi, na watu huuchanganya sana na ukarabati. Mhifadhi anazuia ndege isiendelee kuharibika, basi, hairudishii kilichopotea. Mfano unaojulikana ni ndege ya mabomu aina ya Halifax iliyotolewa kwenye ziwa nchini Norway mwaka 1973, baada ya kukaa chini ya maji tangu 1942. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, jijini London, yaliiweka mbele ya watu ikiwa imebondeka na kuchakaa vilevile. Makumbusho hayohayo yalipoiopoa ndege ya mabomu Dornier 17 ya Kijerumani kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 2013, hayakuinyoosha wala kuipaka rangi. Mabaki yake yaliwekwa kwenye mahema maalumu na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya sitriki, ile ya kwenye ndimu, ili kulegeza magamba ya bahari na kuiondoa chumvi kidogokidogo.

Upande wa pili kabisa kuna wanaotaka ndege iruke. Hapo gharama inapanda, na ukweli wa ndege unaanza kupungua, jambo ambalo wapenzi wa ndege hawapendi kulisikia. Chuma kilichochoka hakiruhusiwi kwenda angani, kwa hiyo kinang'olewa na kuwekwa kipya. Zipo ndege maarufu za Vita vya Pili vya Dunia zinazopaa leo ambazo sehemu kubwa ya bodi yake imeundwa upya. Kilicho cha zamani hasa ni kibao cha namba na vipande kadhaa. Halafu kuna hatari. Julai 1994 Waafrika Kusini walikuwa wanapeleka Shackleton yao, ndege ya doria ya baharini ya injini nne, kwenye maonyesho Uingereza. Injini zikawasaliti juu ya Sahara, rubani akaitua kwa tumbo usiku jangwani. Watu wote 19 walipona, ila ndege ilibaki mchangani. Wengine hawakuwa na bahati hiyo: ndege ya zamani ya kivita Hawker Hunter iliyoanguka Shoreham, Uingereza, mwaka 2015 iliua watu 11 waliokuwa chini, barabarani.

Hata pasipo ajali, siku ya mwisho inafika. Ndege ya mabomu ya Uingereza, Vulcan XH558, ilirudishwa angani mwaka 2007 kwa michango ya wananchi, ikavuta umati kila ilipopita. Mwaka 2015 ikakomea chini, kwa sababu kampuni za kitaalamu zilizokuwa zikiidhamini kiufundi zilijitoa, na bila wao hakuna kibali cha kuruka.

Ndege nyingi za makumbusho, basi, hukarabatiwa kwa ajili ya kusimama tu, na kusimama nako kuna kazi yake. Kabla ya spana kuguswa, kila kitu kinapigwa picha na kuandikwa. Kisha vinaondolewa vinavyoua. Kiti cha kumrusha rubani nje kina baruti, na baruti hiyo haijui kwamba vita vimekwisha. Mita za zamani zilipakwa rangi ya radiamu ili zisomeke gizani. Mwanga wake huzimika baada ya miaka michache, lakini radiamu yenyewe huchukua karibu miaka 1,600 kupungua nusu. Fundi anayefungua kioo cha mita hiyo na kupuliza vumbi kwa mdomo anajitafutia maradhi.

Baada ya hapo ndipo rangi inapoulizwa maswali. Fundi mzuri hakimbilii kupiga msasa bawa zima. Anachagua kidirisha kidogo, chenye ukubwa wa sarafu, anasugua taratibu kwa msasa laini na maji. Tabaka la juu linatoa rangi ya kijivu ya miaka ya mwisho. Chini yake kijani. Chini ya kijani pengine ukingo wa alama ya nchi nyingine. Kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha alumini yenyewe. Duara hilo dogo ni ushahidi, na likishaondolewa na mtu mwenye haraka halirudi. Ndege inayong'aa kupita zote kwenye maonyesho ndiyo ambayo mimi huiamini kidogo kuliko zote.

Sasa tuje Dar es Salaam, maana hewa yetu haina urafiki na ndege iliyosimama. Alumini haishiki kutu nyekundu. Inatoa unga mweupe, inavimba kwenye maungio, na ribiti zinaanza kuachia. Chumvi ya baharini inaharakisha. Mahali ambapo bolti ya chuma inabana bamba la alumini na unyevu ukapenya, alumini ndiyo inayoliwa. Magurudumu ya zamani yenye magnesiamu huliwa haraka zaidi. Waingereza waliyaona haya mapema: mwaka 1915, walipokuwa wanaiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg kwenye delta ya Rufiji, joto na unyevu viliwasumbua sana na ndege zao za mbao na kitambaa, gundi ikiachia. Ndege zilizofika kuifanya kazi hiyo ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tukitaka kuonyesha moja ya hizo leo, itabidi iundwe nakala, na nakala si aibu mradi kibao kiseme wazi kwamba ni nakala.

Kosa linalopendwa ni kuipachika ndege juu ya nguzo getini, pua ikielekea mawinguni. Inapendeza kwenye picha. Lakini masika yakija maji yanatuama ndani ya mabawa kama hakuna aliyekumbuka kutoboa matundu ya kuyatoa, jua linapasua kioo cha rubani, na kunguru wa mji huu, ambao hata waya za umeme hujengea viota, wanahamia kwenye tundu la injini. Kinyesi chao kinakula rangi. Wala hakuna sababu ya kuiacha nje: MiG-21 ina upana wa kama mita 7 tu toka ncha ya bawa hadi ncha, inaenea chini ya paa la kawaida, ikiwa imenyanyuliwa kwa vishikizo ili matairi yasibebe uzito.

Marekani huhifadhi maelfu ya ndege zake za kijeshi Tucson, Arizona, kwa sababu kule ni jangwa. Kwa hesabu hiyohiyo, na watu wa Dar wataninunia, ndege ya Kagera ingedumu zaidi Dodoma.